Mimea ya Kufunika Ardhi Katika Viwanja Vyetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tarime)



Twataka kusema machache juu ya viwanja vya nyumba zetu. Jambo hili laonekana dogo mbele ya mambo ya mishahara na vyeo, lakini madhara yake huwapata hata watu wasiokuwamo katika chama hiki.

Wengi wetu tumezoea kuufagia uwanja mpaka udongo ubaki mtupu. Ni usafi, na nyoka huonekana upesi. Lakini katika vilima vya Tarime mvua ya masika huuchukua udongo mtupu na kuushusha katika vijito viingiavyo mto Mara, upitao baina yetu na ndugu zetu wa Serengeti hata kuingia ziwa Nyanza. Basi yafaa karibu na mlango tufagie, na penye mtelemko tufunike.

Tufunike kwa mmea gani? Hapo ndipo tulipokosea. Sisi watumishi wa Serikali huhamishwa, na kila tuhamapo huchukua vipandikizi vya maua yaliyotupendeza katika kituo cha zamani. Tulipanda lantana kwa uzuri wa rangi zake, na kwa kuwa huvumilia jua. Ndege wakala matunda yake, wakapeleka mbegu malishoni. Barua ya uhamisho ilipofika tukaondoka, lantana haikuondoka. Ng'ombe ailaye hudhurika ini, na ngozi yake huungua kwa jua. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye akiba ya uzee, hasara hiyo si ndogo.

Tena liko gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010. Maua yake madogo meupe hayatishi, lakini mche mmoja hutoa mbegu maelfu. Huwasha ngozi na kuharibu ladha ya maziwa. Mtu asichukue miche wala udongo kutoka mahali lilipo.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni aponyaye. Kabla ya kupanda, tuulize mambo matatu: Je, mbegu zake huchukuliwa na ndege, upepo au maji? Je, mnyama akiula hudhurika? Je, tukihama, atakayetufuata ataweza kuung'oa kwa jembe?

Mimea ifaayo tunayo kwetu. Marando ya viazi vitamu, yakipandwa kukingama mtelemko na kupaliliwa mpaka yashikane, hufunika ardhi vizuri, na majani yake ni mboga ya matembele. Kunde hurutubisha udongo, ila ni za msimu mmoja, hapana budi kupanda tena. Maboga hufaa penye nafasi kubwa. Ukoka hushika udongo kuliko yote hayo, lakini ni mgumu kuung'oa. Basi ukae penye mtelemko mkali, mbali na bustani ya mboga.

Ndugu zetu, nyumba za Serikali si zetu, wala kituo si chetu; lakini ardhi ina wenyewe, nao watabaki. Tutakapohama, na isemwe kwamba tuliwaachia mboga, hatukuwaachia magugu.