Bati Kuukuu Si Takataka

Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukazivamia nyumba za Gatumba, magharibi ya Bujumbura. Maelfu ya watu walikosa makazi. Si mbali na hapo, katika mtaa wa Kinanira, mwenye nyumba anayejenga upya huezua mabati na kung'oa milango na madirisha, vitu ambavyo bado vingeweza kumsitiri mtu. Hapana budi vifaa hivyo vikusanywe pamoja, viuzwe kwa bei nafuu, na asiye na kitu apewe bure. Lakini mtoaji na achague kwanza. Bati lililotoboka na boriti iliyoliwa na mchwa si msaada. Ni kumhamishia mhitaji jalala. Hisani ya kweli hupimwa siku ya mvua.