Mgonjwa Haulizwi Uji: Njaa, Uchu na Sukari ya Damu



Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mwenye kisukari huulizwa kila siku: uji wa nini, una sukari, vikombe vingapi, na nani kakuruhusu. Miezi michache iliyopita nilikaa jukwaa moja na daktari ninayemheshimu. Akawaambia wagonjwa waziwazi kwamba kisukari kisichodhibitika ni ulafi uliokosa wa kuukemea. Ukumbi ukapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu zaidi walikuwa wagonjwa wenyewe. Mhadhara huu ni jibu langu kwa makofi yale.

Habari za kongosho, insulini, aina ya kwanza na aina ya pili naziruka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazijua. Nataka tushikane mashati kwenye neno. Kiswahili kina njaa, kina hamu, kina uchu, kina uroho, kina ulafi. Njaa haina lawama. Ulafi ni lawama tupu. Mwenzangu aliyaruka manne akatua kwenye la tano bila kupima. Nasema bila kupima kwa maana yake halisi: siku ile hakuna aliyetobolewa kidole.

Angepima, angekuta nini? Pengine sukari iko juu. Insulini ikipungua, au mwili ukiikaidi, sukari hujaa kwenye damu huku seli zikikosa. Mtu amekula, lakini mwili wake bado unalia njaa, na kulia huko ni kwa kweli. Pengine sukari iko chini. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu, moyo huenda mbio, na njaa inayokuja haingoji sahani. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, kisha akachelewa kula, anaijua. Kumkataza huyu kitamu ni kumhatarisha. Ikiwa bado anaweza kumeza, anahitaji gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu hivi vya chai, vikorogwe kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.

Sasa mniruhusu nifungue kitabu kimoja cha zamani. Kabla ya insulini, Frederick Allen wa Taasisi ya Rockefeller kule New York aliwatibu wagonjwa kwa kuwanyima chakula hadi sukari iishe kwenye mkojo. Mwaka 1919, yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa hao, mmoja mmoja. Yumo mvulana wa miaka 12 aliyepofushwa na ugonjwa. Alikuwa hospitalini, chakula kikipimwa, na bado sukari haikomi kwenye mkojo. Mwisho ikagundulika: mtoto alikuwa akila dawa ya meno, na mbegu za ndege. Ndege mwenyewe, kanari, mtoto ndiye aliyeomba aletewe. Allen anaandika kwamba alikiri baada ya kukana kwa muda mrefu.

Kila nikikisoma kisa hiki nakwama kwenye kanari. Mtoto asiyeona alifikiri, akaomba ndege, akangoja, akapapasa kitundu akatoa punje. Mnaniambia huyu alikosa nidhamu? Ningekuwa na wanafunzi wenye nusu ya nidhamu yake, ningestaafu kesho. Elizabeth Hughes, mgonjwa mwingine wa Allen, alifika Toronto Agosti 1922 akiwa mifupa mitupu. Akachomwa insulini, akalishwa, akaishi hadi 1981. Hakuna aliyemhubiria.

Mwenzangu atajibu kwamba hao ni watoto wa aina ya kwanza, na kliniki zetu zimejaa watu wazima wa aina ya pili. Kweli. Tena ipo hamu ya mazoea: saa nne asubuhi ikifika, mkono unatafuta chai na andazi, njaa iwepo isiwepo. Wapo pia walioambiwa dona ni salama, wakajenga mlima wa dona. Nyuzinyuzi inazo kuliko sembe, lakini mlima ni mlima. Na kuna jaribio dogo la New York, la mwaka 2015, lenye watu 11 tu: walipokula mboga na kuku kwanza, mkate baadaye, sukari yao baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Mimi nimelipokea kwa furaha. Ila nani kati yetu atamaliza mchicha peke yake huku ugali unapoa?

Nayakubali yote hayo, na bado nasema: pima kwanza, neno baadaye. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua. Basi anayetetemeka na kutoka jasho atibiwe kama ambaye sukari yake imeshuka.

Marehemu mama yangu alianzishiwa insulini ya jioni uzeeni. Ikawa kila usiku tunamkuta jikoni, kanga imelowa jasho, anakula kiporo cha wali kwa mkono, wima. Tulimfungia kabati. Mimi, mwalimu wa fiziolojia, ndiye niliyetia kufuli. Usiku mmoja mjukuu wake, aliyekuwa akicheza na mashine mpya, akamtoboa kidole: 2.7. Kliniki wakapunguza dozi, na safari za jikoni zikakoma wiki ileile.

Kashata za saa kumi alizokuwa akizificha chini ya mto hazikukoma. Hizo, nakiri mbele yenu, zilikuwa uchu, na nusu yake nilikuwa nampelekea mimi.