Krismasi Yetu Ilianza Januari

(Hotuba iliyotolewa kwa akina mama na vijana wa mitaa ya Eastlands baada ya ibada ya Jumapili)



Nimeombwa nizungumze juu ya Krismasi ya utotoni. Nafikiri katibu alitaka niwachekeshe kidogo kabla ya chai. Nitajaribu. Lakini mnaona nimeshika daftari hili kuukuu, na sikulibeba bure. Nitalifungua baadaye.

Nilizaliwa mwaka wa 1972 na nikalelewa Bahati. Wenye kuzijua nyumba zile wanajua: chumba kimoja kwa familia nzima, vyumba vimepangwa mstari, bomba la maji ni la wote na choo ni cha wote. Baba na mama walilala nyuma ya pazia, sisi watoto watano upande wa mlango. Jirani akikaanga kitunguu, nyinyi mnajua anapika nini kabla yeye mwenyewe hajajua.

Nilikuwa na shida moja na habari za Krismasi. Kutoka Bahati si mbali kufika Jerusalem, na Jericho iko hapo hapo. Sasa mwalimu wa Shule ya Jumapili akatuambia Yesu alizaliwa Bethlehemu, karibu na Yerusalemu. Nikaamini kabisa kwamba ni mtaa mwingine wa Kaunsili, huenda mbele kidogo ya Makadara. Siku moja ndani ya basi la KBS nikamuuliza kondakta tushukie steji gani ya kwenda Bethlehemu. Alicheka mpaka akasahau kumkatia mama tiketi.

Desemba ikifika, mtaa ulikuwa unapungua watu. Wengi walienda nyumbani, na ile stesheni ya Machakos ilijaa magunia, magodoro na watoto waliofungwa leso. Nauli ilipanda kila mwaka na kila mwaka watu walishangaa. Sisi mara nyingi tulibaki, kwa sababu nauli ya watu saba si mchezo. Badala yake shangazi alitutumia jogoo kwa basi. Jogoo huyo alifungwa mguu chini ya kitanda siku tatu, na saa kumi za usiku aliwika kama yuko shambani kwake. Mtaa mzima ulijua kwetu kuna nyama.

Nguo mpya ilikuwa moja kwa mwaka. Viatu vya Bata vilinunuliwa vikubwa, vikajazwa pamba mbele, ili vifike Krismasi ijayo. Pamba hiyo hiyo tuliitandaza juu ya tawi la mti ati ni theluji. Mpaka leo sijui nani alituambia bila theluji Krismasi haikubaliki, na sisi tuko Nairobi na jua la Desemba linachoma utosi.

Lakini Krismasi yenyewe ilikuwa chapati. Nyinyi vijana mnakula chapati siku yoyote, mnainunua kibandani na maharagwe. Kwetu ilikuwa ya Krismasi, ya mgeni mkubwa, na ya harusi. Tarehe 24 jioni mama aliweka beseni katikati ya chumba, akamimina unga, chumvi, maji ya uvuguvugu, na mafuta ya Kimbo kidogo. Akakanda mpaka jasho likatoka. Hatukuwa na mti wa kusukumia, tulisukuma kwa chupa ya soda iliyooshwa. Jiko la makaa liliwekwa nje mlangoni, na milango yote ya mstari wetu ilikuwa na jiko, na kila mama na kikaango chake. Sisi watoto tulitumwa huku na huku: peleka sahani hii kwa mlango wa pili, funika, usionje njiani. Sahani haikurudi tupu. Hata rafiki ya baba, Mwislamu wa Majengo kule Pumwani, tulimpelekea zake, naye Idd ikifika pilau ilikuja kwetu.

Sasa nifungue daftari.

Chapati hizo hazikutoka kwa mshahara wa Desemba. Mama na wanawake wengine 8 wa mstari wetu walikuwa na chama. Kila Jumapili baada ya kanisa kila mmoja alitoa shilingi 2. Desemba wananunua unga, mafuta, sukari na majani chai kwa jumla, kisha wanagawana. Mama ndiye aliyeweka pesa kwa sababu alijua kuandika vizuri. Hii hapa kalamu yake. Tarehe 8 Januari 1984 ndiyo Jumapili ya kwanza. Mpaka mwisho wa Novemba ni Jumapili 47. Wanawake 9, shilingi 94 kila mmoja, jumla 846.

Mwaka huo wa 1984 wengi mnaukumbuka. Mvua ilikosekana, tukala ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Mwezi wa Agosti baba akapoteza kazi. Kodi ikafika, haikulipwa. Ya pili ikafika. Mama alikuwa na mkebe wa pesa chini ya kitanda. Mnaona vile shetani hahitaji kupanda hata basi.

Alichukua kidogo, akasema moyoni atarudisha. Akachukua tena. Kufikia Novemba alikuwa amechukua shilingi 260. Kila mara alipochukua aliandika kwa penseli ukurasa wa mwisho, hapa, mnaweza kuona. Mwizi wa kweli haandiki. Lakini pesa hazikuwepo.

Jumapili ya tarehe 2 Desemba aliwaita wote kwetu. Mimi nilikuwa na miaka 12, nikaambiwa nitoke, nikasimama nyuma ya dirisha. Aliweka mkebe na daftari mezani akasema yote. Hakulia. Nilitaka alie, nilifikiri wangemhurumia.

Hawakumhurumia. Wacha niwaambie ukweli, maana tumezoea kusimulia ushirika wa zamani kama kwamba watu wote walikuwa malaika. Jirani wa mlango wa pili alimwambia maneno ambayo siwezi kurudia hapa kanisani. Mwingine alitaka mambo yafike kwa polisi. Walibishana mpaka taa zikawashwa.

Mwishowe waliamua hivi. Zile 586 zilizobaki zinunue unga na mafuta tu. Sukari na majani kila mtu ajitafutie. Mama apate mgao wake kama wengine, kwa sababu watoto hawakuiba. Deni alipe shilingi 20 kila Jumapili. Na kuanzia mwaka mpya pesa zikae kwa sanduku lenye kufuli 3, funguo 3 kwa wanawake 3 tofauti, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, hata kwa wale wasiojua kusoma.

Krismasi hiyo tulikula chapati 2 kila mtoto. Sahani ya mlango wa pili haikuja. Nilipeleka yetu, ikapokelewa, nikarudishiwa sahani tupu.

Januari mama alianza kwenda kufua nguo Buruburu. Jumapili ya tarehe 6 Januari 1985 akalipa 20, na ziko hapa zote, 13, mpaka Jumapili ya Matawi tarehe 31 Machi. Jumapili iliyofuata ilikuwa Pasaka. Jirani alituma mtoto wake na chapati 4 zimefunikwa kwa kitambaa. Mama aliziangalia muda mrefu kabla hajatuambia tule.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka wa 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba vya wanawake huko Niger, na vikundi vya namna hiyo vimeenea hata hapa kwetu, na sanduku lao lina kufuli 3. Nilicheka peke yangu.

Leo simu inakukopesha usiku wa tarehe 24 bila kukuuliza utalipa na nini. Januari shule zinafunguliwa, karo inangoja, na simu nayo inakumbusha. Hapa kanisani Januari iliyopita akina mama walikuja kwangu kuomba nauli ya kumpeleka mtoto shule, na Krismasi walikuwa wamekula kuku. Siwalaumu. Mimi pia nimekopa.

Basi karatasi ya kuandikisha majina iko kwa katibu. Tunaanza Jumapili ya kwanza ya Januari, shilingi 50 kwa wiki, na anayeweza 20 aseme 20. Sanduku limeshatengenezwa na fundi wa hapa Jogoo Road, na kufuli zake 3. Funguo mtachagua wenyewe nani ashike. Mimi nisipewe hata mmoja, nitasoma hesabu tu.

Haya, chai iko tayari.