Aipendaye Nchi Yake Huiambia Kweli



Tulipokuwa tukiingia humu tumesikia ubishi pale mlangoni. Mzee mmoja alikuwa akisema kwamba kuilaumu Marekani ni utovu wa shukrani, kwa maana dawa zake zimewaponya wengi. Kijana akamjibu kwamba kuisifu Marekani ni ukibaraka. Kila mmoja wao alishika nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikiachwa peke yake hupotosha sawa na uongo. Basi tumeonelea tuuchukue ubishi huo uwe ndio mada yetu: kwa nini taifa lenye nguvu huchukiwa na wengi, na je, mtu akilikosoa taifa, liwe la wengine au lake mwenyewe, amekuwa adui yake?

Haki hutaka hesabu nzima, kwa hiyo na tuanze na mema. Mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Kimarekani, vijana 81 wa nchi hii walipanda ndege kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, wakati ambapo mkoloni alikuwa amewafungulia Waafrika wachache mno mlango wa elimu ya juu. Mamia waliwafuata, na mwaka 1960 Wangari Maathai alikuwa miongoni mwao. Tena mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango mkubwa wa kupambana na UKIMWI, na kwa mpango huo dawa zikawafikia watu ambao jamaa zao walikwisha kukata tamaa. Mama aliyewaona wanawe wakikua kwa sababu ya dawa hizo hahitaji kufundishwa shukrani nasi.

Basi chuki yatoka wapi? Wako wasemao kwamba ni wivu tu, maskini kumwonea gere tajiri. Wivu upo, hatukatai. Lakini Uswisi nayo ni nchi tajiri, na ni nadra kusikia umati umeteremka barabarani kuichoma bendera yake. Utajiri peke yake hauwashi moto wa namna hiyo. Sisi twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbali uliopo baina ya neno na tendo. Marekani ilizaliwa mwaka 1776 kwa kutangaza kwamba wanadamu wote ni sawa, na imeihubiri dunia nzima habari ya uhuru. Anayehubiri hupimwa kwa mahubiri yake. Mwaka 1951 watu wa Iran, wakiongozwa na Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh, waliyafanya mafuta yao kuwa mali ya taifa. Mwezi wa Agosti 1953 Mosaddegh akapinduliwa kwa hila zilizopangwa na majasusi wa Marekani na wa Uingereza, na mfalme akatawala kwa mkono wa chuma mpaka mwaka 1979. Mwaka huo wanafunzi walipouteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran, Wamarekani wengi waliuliza kwa mshangao, 'Tumewakosea nini?' Mpiga husahau, mpigwa hasahau.

Hapa karibu nasi, Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kabla mwaka haujaisha, shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limepeleka sumu huko ili Patrice Lumumba auawe. Sumu hiyo haikutumiwa. Lumumba aliuawa kwa risasi huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, na maafisa wa Kibelgiji wakiwapo. Lakini Mobutu aliyetwaa mamlaka mwaka 1965 alipewa fedha na silaha, akapokewa kwa heshima Washington, akaachiwa kuinyonya nchi yake mpaka mwaka 1997. Mkongo aliyeishi miaka hiyo 32, akisikia neno 'demokrasia' likitamkwa na mdomo ule uliomsifu Mobutu, atajibu nini?

Sababu ya pili ni nguvu isiyomwuliza mtu. Mkubwa akijigeuza kitandani, mdogo aliyelala kando yake huanguka chini, hata kama mkubwa hakukusudia. Tarehe 20 Agosti 1998 makombora ya Marekani yalikivunja kiwanda cha dawa cha Al-Shifa huko Khartoum, kwa madai kwamba kilihusika na silaha za sumu. Madai hayo yalitiliwa shaka na wengi, hata ndani ya Marekani yenyewe. Mwaka 2003 Iraki ilivamiwa kwa sababu ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, uamuzi ulifanywa na watu wasiomjua mgonjwa wa kijijini, naye hakuwa na kura wala wakili katika shauri lile. Hata wema, ukiwa wategemea radhi ya mtu mmoja aliye mbali, humwacha anayeupokea na wasiwasi moyoni.

Sababu ya tatu ni aibu yetu wenyewe. Watawala wengi wa Afrika wameigeuza chuki hiyo kuwa blanketi la kujifunika. Hazina ikiibwa, beberu ndiye wa kulaumiwa. Kura zikichezewa, wa kulaumiwa ni yeye pia. Wananchi wakilia njaa, huambiwa kwamba wamechochewa na wageni. Hivyo kosa la kweli la mgeni huwa ngao ya mwizi wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu zetu, tukizitaja sababu hizi hatumpi mtu ruhusa ya kuua. Sisi hatuzungumzi jambo hili kwa mbali. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa asubuhi, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11. Wengi waliopoteza maisha, au macho yao, walikuwa makarani, wapita njia na abiria wa basi, watu ambao hawakumpangia Mosaddegh njama wala kumtumia Lumumba sumu. Waliofanya hivyo walidai kwamba wanalipiza kisasi kwa taifa lenye nguvu, lakini waliowazika ni sisi. Na Wakenya waliofiwa au kulemazwa wamelia kwa miaka mingi kwamba fidia imewapita kando. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Na nyasi hazina sababu ya kumshangilia fahali yeyote.

Sasa tuingie katika sehemu ya pili ya ubishi ule: je, mkosoaji ni adui? Tazameni jinsi Marekani ilivyowatendea wakosoaji wake wenyewe. Tarehe 4 Aprili 1967 Mchungaji Martin Luther King alisimama katika kanisa la Riverside mjini New York akavilaani vita vya Vietnam. Magazeti makubwa yakamshambulia. Hata baadhi ya wenzake katika harakati za haki wakamwambia kwamba amevuka mpaka, ashughulike na mambo ya watu weusi na mambo ya vita awaachie wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, akauawa kwa risasi mjini Memphis. Leo taifa lile lile lina sikukuu yenye jina lake. Swali letu ni hili: kati ya King na wale waliomwita msaliti, ni nani aliyeipenda Marekani?

Tena zingatieni jinsi tulivyoijua habari ya sumu ya Kongo. Haikufichuliwa na adui wa Marekani. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti, chini ya Seneta Frank Church, iliwahoji majasusi wa nchi yake na kuchapisha habari hiyo wazi, dunia nzima ikasoma. Na mwaka 1986, Rais Ronald Reagan alipoikataa sheria ya kuiwekea Afrika Kusini vikwazo, Bunge liliupiga kura uamuzi wake likaushinda. Nyuma ya kura ile walikuwako wanafunzi, wafanyakazi na waumini wa makanisa ambao kwa miaka mingi waliandamana na kukubali kukamatwa. Kwa hiyo tukisema 'Marekani', tutambue kwamba twawataja watu wengi. Yuko aliyetuma sumu, na yuko aliyeifichua. Anayewachukia wote kwa pamoja amemtupa mwenzake pamoja na adui yake.

Nasi hapa nyumbani twalijua sana jina la msaliti. Nchi hii ilifanywa kuwa ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, na katika miaka hiyo Marekani, iliyokwisha kutiliana nasi mkataba wa kijeshi mwaka 1980, haikuona haraka ya kutusemea. Vita Baridi vilipokwisha, sauti ikabadilika. Mwezi wa Mei 1990 balozi wake, Smith Hempstone, alisema hadharani kwamba Bunge la nchi yake lingeelekea kuzisaidia nchi zinazokuza demokrasia. Papo hapo kila aliyedai vyama vingi akaitwa kibaraka wa Wamarekani. Lakini madai yale yalikuwa yetu. Wachungaji walikuwa wameyatamka mimbarani. Wangari Maathai alikuwa ametukanwa Bungeni mwaka 1989 kwa kulipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Waliopigwa siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, walikuwa wenye nchi, na damu iliyomwagika ilikuwa yao. Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, ni kweli kwamba wafadhili walikuwa wamezuia fedha zao mwezi mmoja kabla, nasi hatuukani msaada ule. Lakini mkunga si mzazi.

Msidhani kwamba neno hilo limekufa. Mwaka 2024 vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wakiwa na bendera ya taifa mabegani na wimbo wa taifa midomoni, waliambiwa kwamba wamefadhiliwa na wageni. Maneno yaliyowapiga wazee wao mwaka 1990 yalichukuliwa kama yalivyo, wakapigwa nayo wao.

Tumewasikia watu wakisema kwamba mzalendo huisitiri nchi yake kama mtoto anavyousitiri uchi wa mzazi. Sisi twajibu kwamba mficha maradhi, kifo humfichua. Nchi si mtu mmoja mwenye kuona haya. Nchi ni watu, na kuyaficha maovu ya mtawala ni kuwavua nguo wale anaowadhulumu. Waumini mwamjua Yeremia. Aliwaambia wakuu wa Yerusalemu kweli wasiyoipenda, katika siku ambazo Babeli yenye nguvu ilikuwa imeuzingira mji. Wakamkamata wakidai kwamba anajiunga na Wakaldayo, wakamshusha ndani ya shimo la matope. Lakini Yeremia huyo huyo alitabiri hukumu ya Babeli pia. Mizani yake ilikuwa moja. Hakuwasaza wakuu wa mji wake kwa kuwa ni wake, wala hakuisaza Babeli kwa kuwa ina nguvu.

Na hiyo ndiyo mizani tunayowaombeni mwondoke nayo leo. Mkisikia serikali yoyote ya kigeni ikitusifu, ulizeni inataka nini, na kama yamsifu pia dhalimu aliye jirani. Mkisikia serikali yetu ikiwalaani mabeberu, ulizeni ni hesabu gani ya fedha iliyokuwa karibu kukaguliwa. Mkipokea msaada, pokeeni kwa shukrani na kwa vitabu vilivyo wazi, na msikubali ununue ndimi zenu. Mkiandika barua ya kumlaumu mkubwa wa Washington kwa kosa lake, iwepo nakala moja ya barua kama hiyo iliyokwisha kupelekwa kwa mkubwa wa hapa. Mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu: tukitaka Marekani ijisikie mkuki wa maneno yake yenyewe, na sisi tuwe tayari kuusikia ukitugusa. Twadai haki barabarani. Je, katika vyama vyetu twaruhusu uchaguzi wa haki? Katika makanisa yetu, mhasibu akiulizwa swali hukasirika au hufungua daftari?

Mzee wetu wa mlangoni, shukrani yako ni ya haki. Ishike, lakini usiiache ikuzibe mdomo. Nawe kijana wetu, hasira yako ni ya haki. Ishike, lakini usiiache ikuzibe macho.

Twamalizia na lile shimo. Yeremia hakutolewa na jeshi. Alitolewa na Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa bara hili letu, mgeni katika jumba la mfalme. Alikwenda kwa mfalme akasema wazi kwamba watu hawa wametenda vibaya, kisha akachukua kamba, na matambara makuukuu nabii ayaweke makwapani ili kamba isimchubue. Wako leo, hapa kwetu na huko ng'ambo, watu walioshushwa shimoni kwa sababu waliziambia nchi zao kweli. Kazi ya mkutano huu ni kuwatafuta, kuwataja kwa majina mbele ya wakubwa, kuwaajiria mawakili na kuwapelekea watoto wao karo na unga. Kamba tunazo. Tusiyasahau matambara.