Bendera Kwanza, Nyundo Baadaye

Reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, kutoka Kindu kwenda Kongolo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kukwepa maporomoko ya mto Lualaba. Wasafiri wa Kasongo na Kabambare huifuata Samba, ng'ambo ya mto.

Wanaotengeneza njia hiyo wakumbuke: treni nzito haisimami kama pikipiki. Breki zikifungwa, bado inaserereka mbali. Kwa hiyo, kabla ya taruma kung'olewa, msimamizi huwaarifu wakuu wa stesheni za pande zote mbili. Kisha watu wa bendera huenda mbali, mmoja kila upande. Mbali zaidi penye kona au nyasi ndefu. Bendera kwanza, nyundo baadaye.

Mwenye bendera hashiki sururu, wala hakai kivulini kupiga soga. Treni zikiadimika, ndipo hatari inapozidi: reli iliyonyamaza humlaghai mtu. Usiku mwenye bendera hushika taa nyekundu. Filimbi ikilia, wafanyakazi watoke relini pamoja na vyombo vyao.

Anayepita na baiskeli ya mizigo akiona bendera nyekundu, asimame, asubiri ishara. Bendera iliyochomekwa isiguswe, hata kitambaa kikipendeza. Bendera kwanza, nyundo baadaye. Bendera huondolewa tu msimamizi akishaikagua njia.