Macho Nayo Yana Daftari Lake

(Hotuba kwa wanajumuiya wa Kasulu na Kibondo katika maadhimisho ya hekalu)



Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wenye asili ya Gujarat tumelishika neno hilo, na kila Diwali hufungua daftari jipya la hesabu na kuliombea baraka. Leo naomba tuliongezee ukurasa mmoja: ukurasa wa macho.

Nina kisukari, nacho kimeyagusa macho yangu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, hudhoofisha mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mishipa hiyo huvuja. Baadaye huota mingine iliyo dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mwanzoni hakuna maumivu, wala maandishi hayafifii, ndiyo maana mtu husema, "Naona vizuri, nipimwe nini?" Uoni ukipungua, hununua miwani sokoni. Miwani haizibi mshipa unaovuja.

Mwenye kisukari cha ukubwani na apimwe macho mara ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Hutiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa haoni sawasawa. Basi asiendeshe gari, na afuatane na msindikizaji. Akiona ghafla vitone vyeusi vingi au kivuli kama pazia, asingoje mwaka utimie. Aende siku hiyo hiyo.

Mimi nimetibiwa kwa leza. Tiba hiyo hairudishi kilichopotea; hulinda kilichobaki. Wengine huchomwa sindano jichoni, tena mara kwa mara. Huduma hizo hutolewa na hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam, na kutoka Kibondo hiyo ni safari ya kuvuka nchi. Anayepimwa mapema huipanga safari hiyo, anayechelewa hukimbizwa.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari vyema hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa takriban asilimia 25. Shinikizo la damu nalo lidhibitiwe. Kwa hiyo ladu na jalebi ziwe za kuonja, si za kushiba. Wanaofunga Ekadashi au Navratri huku wakitumia dawa za kisukari wazungumze kwanza na daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafla.

Naiomba kamati ya hekalu mambo mawili. Kila mwaka, kabla ya Diwali, sukari ipimwe hapa uwanjani kwa kila jirani, Mhindu na asiye Mhindu. Pia uanzishwe mfuko wa nauli kwa mgonjwa wa macho mwenye rufaa asiye na uwezo. Fungu la kwanza nitalitoa mimi.

Na kila mmoja wetu mwenye kisukari, afunguapo daftari jipya, aandike kwanza tarehe ya kupimwa macho, kabla ya kuandika bei ya bidhaa yoyote.