Jinsi ya Kumpima Mwalimu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi machache juu ya namna walimu na walimu wakuu wapimwavyo kazini. Mimi ni karani, si mwalimu. Kazi yangu ni kuandika hesabu vitabuni. Lakini wengi wetu hapa ni wazazi, na baadhi yetu tumo katika halmashauri za shule. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Nilipokuwa darasa la tano, mkaguzi alikuja shuleni kwetu. Asubuhi ile mwalimu aliwatuma wenzetu watatu, waliolemewa na hesabu, waende mtoni kuteka maji. Mkaguzi akauliza, sisi tukajibu, akaandika sifa njema, akaenda zake. Wale watatu waliporudi na ndoo zao, kitabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Nawaomba mwakumbuke watoto hao.

Nchi ambayo imejaribu sana jambo hili ni Marekani. Huko hakuna mwajiri mmoja wa walimu wote. Ziko wilaya za shule zaidi ya 13,000, kila moja na halmashauri yake, ambayo kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Halmashauri humwajiri mkuu wa wilaya; yeye na wasaidizi wake huwapima walimu wakuu, nao walimu wakuu huwapima walimu. Kwa miaka mingi upimaji huo ulikuwa desturi tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika wilaya zilizotumia alama mbili tu, yaani anafaa au hafai, walimu zaidi ya 99 kwa mia waliandikwa kuwa wanafaa. Mwenye bidii na mvivu wakawa sawa.

Mwaka huo huo Serikali Kuu yao ilitenga dola zaidi ya bilioni 4 zishindaniwe na majimbo. Jimbo lililokubali kuwapima walimu na walimu wakuu kwa maendeleo ya wanafunzi lilijiongezea nafasi ya kushinda. Mjini Washington, nusu ya alama za baadhi ya walimu ilitoka katika mitihani ya wanafunzi wao, na mwaka 2010 walimu zaidi ya 150 waliachishwa kazi kwa alama duni.

Walakini hofu nayo ina matunda yake. Katika mji wa Atlanta, ambako walimu wakuu walishurutishwa kufikia hesabu walizopangiwa, wachunguzi wa jimbo walieleza mwaka 2011 kwamba udanganyifu ulifanyika katika shule 44, na kwamba walimu na wakuu 178 walihusika. Majibu ya watoto yalifutwa kwa siri na kuandikwa yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Mtoto asiyejua kusoma aliandikwa kwamba ajua. Basi nani angemsaidia? Ni wale wale wa mtoni, Wazee wangu.

Mwaka 2014 chama cha wataalamu wa takwimu cha Marekani kilionya kwamba, kwa uchunguzi mwingi, mwalimu huchangia sehemu 1 hadi 14 tu katika mia ya tofauti za alama za wanafunzi. Sheria mpya ya Desemba 2015 ikayaachia majimbo uamuzi.

Wilaya ya Cincinnati ilifuata njia nyingine. Tangu mwaka 2000 walimu wazoefu walitolewa madarasani kwa muda, wakafundishwa kazi ya kupima wenzao. Katika mwaka wa kupimwa, mwalimu alitazamwa mara nne akifundisha, kisha akaelezwa alipofanya vema na alipopungukiwa. Watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba wanafunzi wa walimu hao waliendelea kufanya vizuri zaidi katika hesabu hata miaka ya baadaye, upimaji ukiisha kupita. Kipimo kilikuwa pia mafundisho.

Naye mwalimu mkuu apimwe vivyo hivyo. Wilaya kadhaa huko huwauliza walimu walio chini yake na hata wazazi, maana mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2016, Tume ya Kuwaajiri Walimu imewataka walimu wajipime kwa fomu, na wakuu wao wazithibitishe. Walimu wengi wamelalamika kwamba fomu hizo hula wakati wa kufundisha. Sisi tulio katika halmashauri tusiridhike kuona karatasi zimejazwa. Tuulize: Je, mwalimu mkuu aliingia darasani? Alimwambia nini mwalimu baadaye? Na mwalimu akabadilisha nini?

Tena tuulize swali la mwisho, nalo ndilo kubwa: siku ile ya ukaguzi, watoto wote walikuwapo?